Boila Niliyomsingizia Mama

Mama aliponipigia simu kuniambia kwamba boila imezima tena, nilimuuliza kama ameigusa kabla hata sijamwamkia. Ilikuwa mara ya tatu katika wiki mbili. Mimi nilikuwa kazini Sur, pwani ya Oman, kelele za pampu zimenizunguka, na yeye alikuwa juu ya Jabal Akhdar, mwendo wa zaidi ya saa nne kwa gari, peke yake katika nyumba iliyokwisha kuanza kupoa.

"Sikuigusa, baba," alisema. "Nimeamka nimeikuta kimya."

Nikamwelekeza kama nilivyomwelekeza mara mbili za mwanzo: afungue mifereji miwili midogo iliyo chini ya boila, atazame mshale wa presha ukipanda mpaka moja na nusu, kisha aifunge yote miwili na aikaze. Alifanya hivyo huku ameibana simu begani. Boila ikawaka. Nikamuaga, na moyoni nikasema kwamba lazima anaichezea.

Huyu ninayemwita Mama si aliyenizaa. Aliyenizaa alifariki nikiwa na miaka mitatu, na baba akamwoa huyu, binti wa watu wa Unguja kama sisi, aliyekuja Oman na wazee wake na dada yake mmoja. Mungu hakumjaalia mtoto. Mimi ndiye niliyelala mgongoni kwake, mimi ndiye niliyeuguzwa surua naye, na hiki Kiswahili ninachoandika ni chake, cha mjini Unguja cha zamani. Hakubali kukichanganya na Kiarabu ila akikasirika.

Baba alipostaafu alitaka kurudi kwenye kijiji cha babu zake, kule mlimani juu ya Nizwa. Nikamjengea nyumba. Januari kule maji huganda kwenye ndoo ikiachwa nje, na baba alikuwa na maradhi ya viungo. Mimi nilisoma Uingereza na niliona jinsi wenzetu wanavyopasha moto nyumba zao, kwa hivyo nikaagiza boila ya gesi. Boila huchemsha maji, pampu huyasukuma kwenye mabomba mpaka kwenye rejeta zilizotundikwa ukutani, kisha maji yaleyale hurudi tena. Hayatoki, hayaingii. Ndiyo maana mshale wa presha haupaswi kushuka, na ukikaribia sifuri boila hujizima yenyewe isije ikaungua. Baba aliota joto la rejeta zile miaka mitatu, kisha akafariki. Mama akamaliza eda yake mle ndani na akakataa kushuka.

Boila ile niliisimika kwa mkono wangu na niliihudumia kwa mkono wangu. Kazi yangu ndiyo hiyo. Pale kiwandani ninasimamia mabomba na presha zake, na vijana wanakuja kuniuliza mimi. Sikuona sababu ya kumwita fundi wa mtu. Mwaka ule, kabla ya baridi kuanza, nilipanda mlimani nikaisafisha kama kawaida. Kando ya boila liko tungi jekundu. Ndani yake mna mpira, upande mmoja wa mpira maji, upande wa pili upepo, ili maji yakipata moto na kutanuka yapate pa kwenda. Chini ya tungi pana kipini kama cha tairi la gari. Nilikibonyeza kwa ncha ya bisibisi kujua kama upepo ungalimo. Ukatoka kwa kishindo, nikaridhika kwamba umo. Wakati huohuo Mama akaniita chai iko tayari. Nikabonyeza tena kidogo, kisha nikenda kunywa chai.

Mwezi uliofuata ndipo mshale ulipoanza kushuka.

Baada ya simu ile ya tatu nilipanda mlimani Alkhamisi. Nilichukua karatasi laini za chooni nikapita rejeta moja baada ya moja, nikikifuta kila kiungo na kuitazama karatasi kama imelowa. Zilikuwa kavu zote. Nikapiga magoti nikapapasa sakafu pale mabomba yanapopita, nikitafuta pahala penye unyevu. Hapakuwa na kitu. Maji yanapungua na hayaonekani yanakokwenda, na mimi mwenye kazi yangu nimesimama katikati ya ukumbi na karatasi mkononi.

Mama alikuwa akinitazama muda wote kutoka mlangoni mwa jiko. Akaniambia kwamba huku nyuma ya nyumba, penye vyungu vyake vya rihani, pana maji yanatoka ukutani, tena ya moto, na rihani mbili zimekufa. Nilimjibu bila ya kugeuka kwamba hayo ni maji ya kufulia. Akasema yeye hafulii nyuma. Nikasema, "Mama, niache kwanza nitafute."

Yale maneno yake nayakumbuka neno kwa neno, kwa sababu jawabu lote lilikuwa mle. Lau ningalitoka nje, nikazunguka nyumba, hatua hazizidi thelathini, ningaliiona bomba ya vali ya usalama, ile inayotoa maji nje presha ikizidi, ikitema, na kwa kazi yangu ningalijua palepale. Sikutoka. Nilikuwa nimekwisha kuona vitu viwili nilivyovitaka. Kimoja, mfereji mmoja wa kujazia maji haukukazwa sawasawa. Cha pili, juu ya rejeta ya ukumbini palikuwa na bakuli la maji, na karibu yake kitambaa. Nikajipangia kisa kizima: Mama anafungua skrubu ya rejeta kuchota maji ya moto ya kutawadhia, kisha presha ikishuka anafungua mifereji ovyo, kisha anasahau.

Nilimuuliza habari ya bakuli. Akanieleza kwamba hulijaza maji ya mfereji wa jikoni akaliweka juu ya rejeta yapate uvuguvugu, maana ya bombani alfajiri yanamuumiza vidole. Ni jambo ambalo mtu yeyote angaliliamini. Mimi nikatikisa kichwa.

"Mama," nikamwambia, "umri umekwenda. Unaigusa, halafu unasahau kwamba umeigusa. Si kosa lako."

Alikuwa amesimama na taulo ya vyombo mkononi, akaikunja mara mbili, akaiweka.

"Labda," alisema.

Hilo neno nililichukua kama kukiri. Nikatafuta waya, nikaifunga ile mifereji miwili pamoja, nikausokota waya kwa koleo. Juu yake nikabandika karatasi: USIGUSE. Niliandika kwa Kiswahili ili aisome vizuri, kwa herufi kubwa, kama tunavyowaandikia vibarua. Mama alikuja akaisoma, akasema, "Haya, baba," akarudi jikoni kunipakulia chakula. Na nilikula.

Siku ya pili, nikirudi Sur, nilipita Ibra kumwamkia dada yake, mama yangu mkubwa, anayeishi huko na wanawe na wajukuu. Sikuwa na haja ya kusema, lakini nilisema. Nilimwambia kwamba dada yake ameanza kusahau, kwamba anafungua vitu vya moto na gesi halafu hakumbuki. Mama mkubwa alishika shavu. Akauliza kama tumemwachia jiko la gesi. Nikasema ndiyo, lakini tuwe macho. Nilijiona mtoto mwema, mwenye kutazama mbele.

Baada ya hapo simu za Mama zilinyamaza. Mimi ndiye niliyempigia, kila baada ya siku mbili tatu, na kila nikimuuliza boila alisema alhamdulillahi. Nikaona dawa yangu imefanya kazi. Mke wangu aliuliza mbona sauti yake kama inakwama. Nikasema ni baridi ya mlimani tu.

Katikati ya Januari alinipigia jirani yake Mama, mwanamke wa palepale kijijini ambaye humpelekea mkate asubuhi. Aliniambia kwa Kiarabu, haraka haraka, kwamba amemkuta Mama kitandani chini ya mablanketi manne, anapumua kama anayepanda ngazi, na nyumba ni barafu. Mumewe alikuwa amekwisha kumtia Mama garini na wanateremka naye Nizwa. Nilimuuliza boila imezima tangu lini. Akasema bibi anasema siku sita.

Siku sita. Na katika siku sita hizo nilikuwa nimempigia mara mbili.

Nilimkuta hospitali Nizwa, mpira wa hewa puani, mkono umechomwa sindano ya maji. Daktari alisema ni nimonia, na kwamba ameletwa kwa wakati. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa midomo tu. Nilipomuuliza kwa nini hakunipigia simu, alisubiri mpaka pumzi imtoshe.

"Ungalidhani nimeigusa," alisema.

Asubuhi ya pili nilipanda mlimani, na safari hii nilimpitia fundi, Mpakistani wa makamo anayetunza boila za nyumba za wageni kule juu. Kwa Kiarabu chake cha kazini hakuwa na maneno mengi. Alipouona waya alinitazama, akaukata. Karatasi aliibandua akaiweka juu ya dirisha kwa adabu, kama kitu cha mtu. Akajaza maji mpaka moja na nusu, akaiwasha boila, akavuta kigoda akakaa mbele ya mshale.

Nilitaka kumweleza habari za skrubu za rejeta. Akainua kidole tu, nisubiri.

Maji yalivyopata moto mshale ukaanza kupanda. Mbili. Mbili na nusu. Haukusimama. Ulipofika tatu tukasikia kitu kikifoka nje, nyuma ya ukuta. Fundi akainuka, nami nikamfuata, tukazunguka nyumba. Bomba ndogo ya shaba ilikuwa ikitema maji yanayofuka moshi juu ya vyungu vya Mama. Udongo ulikuwa umechimbika pale, na ukutani pameganda chokaa nyeupe ya maji ya siku nyingi. Rihani zote zilikuwa zimekwisha kufa.

Akaniambia kwa upole, kama mwalimu, kwamba sasa maji yamepungua, boila ikipoa presha itakuwa chini, na mtu atajaza tena, na itatema tena. Nikasema naam. Nilikuwa nimekwisha kufahamu. Tukarudi ndani, akaligonga tungi jekundu kwa kifundo cha kidole, juu, katikati, chini. Lilitoa sauti nzito kila pahala, sauti ya kitu kilichojaa maji. Akakibonyeza kile kipini. Haukutoka upepo. Wala halikutoka tone la maji.

"Mpira mzima," alisema. "Kama umepasuka, maji yangetoka hapa. Ila upepo hakuna. Nani ametoa upepo?"

"Sijui," nikasema.

Hakuna aliyenilazimisha. Fundi yule hanijui, sitamwona tena ila kwa bahati, na bado nilimdanganya. Alilitoa maji tungi, akachukua pampu ya tairi kutoka garini mwake, akajaza upepo mpaka kipimo chake kikaonesha moja, akarudisha maji. Kisha akaiwasha boila na tukakaa. Mshale ulipanda kidogo, ukasimama. Tulikaa saa nzima ukiwa umesimama palepale. Rejeta zikapata moto nyumba nzima, na hapakuwa na mtu wa kuziota.

Niliporudi hospitali Mama alikuwa ameketi, ameegemea mito. Kitu cha kwanza aliuliza imeonekana ni nini.

"Kifaa kimoja kilichoka," nikasema. "Kimeshatengenezwa."

"Na ile mifereji?"

"Tusizungumze hayo sasa, Mama. Pumzika."

Akageukia dirishani.

Alipotoka hospitali hatukumrudisha mlimani. Mama mkubwa alimchukua kwake Ibra, na mimi nilifurahi, kwa sababu kule yuko na watu na kwa sababu ningeweza kunyamaza. Kila wiki nilijiambia nitakwenda kumweleza. Nilikwenda mara tatu na machungwa na dawa zake, nikakaa, nikaondoka. Mara ya pili niliona Mama anainuka kwenda kupika chai, na mama mkubwa akamwahi, akakitwaa kiberiti kwenye kibati kilichokuwa karibu na jiko, akasema, "Kaa wewe, dada yangu, kaa." Wajukuu waliokuwa pale hawakushangaa. Nikajua ni desturi iliyokwisha kuzoeleka. Mama akakaa. Mimi ndiye niliyeipeleka habari ile nyumbani kwao, na ningaliweza kuiondoa palepale kwa maneno manne. Nilikunywa chai aliyoipika mama mkubwa.

Halafu mama mkubwa akanipigia. Alisema Mama mwenyewe ameomba apelekwe kwa daktari wa kumbukumbu, ameshapata nafasi Jumatatu, na anataka mimi ndiye nimpeleke.

Nilichukua ruhusa kazini. Alikuwa amevaa baibui lake zuri na amejitia uturi kidogo, kama anayekwenda kwenye shughuli. Tulifika hospitali mapema, na badala ya kushuka akaniambia tukae kwanza garini. Mikono yake alikuwa ameipakata. Akanieleza kwamba amekuwa akijipima mwenyewe. Kila asubuhi baada ya sala huzitaja nyumba za mtaa wao wa Unguja, kuanzia ya kwanza karibu na msikiti mpaka ya mwisho, upande huu kisha upande wa pili, na nani alikaa wapi, na mtoto wao mkubwa nani.

"Sikosi hata moja," alisema. "Lakini ile mifereji sikumbuki hata chembe kwamba niliifungua, ila pale uliponiambia wewe. Na wewe uliona kwa macho yako. Ndiyo inayonitisha. Ya zamani yamo yote, ya jana hayamo. Nimesikia ndivyo yanavyoanza."

Nikazima gari. Nilikuwa nimepanga maneno mengi siku nyingi, na hayakuja.

"Hukuifungua, Mama," nikasema. "Ni mimi. Nilipoisafisha boila nilitoa upepo kwenye tungi nikasahau kuurudisha. Maji yalikuwa yanatokea nyuma, pale uliponiambia. Hukugusa kitu. Hukusahau kitu."

Watu walipita mbele ya gari, mmoja akisukuma mzee kwenye kiti cha magurudumu, na Mama aliwafuata kwa macho mpaka wakaingia mlangoni.

"Umejua lini?"

"Siku ya pili ulipolazwa."

Akahesabu kwa vidole juu ya paja, polepole. "Wiki sita," alisema.

Nilimwomba radhi. Niliinama kuushika mkono wake niubusu, akaniachia, lakini haukunishika. Akasema la tungi si kitu, kila mwenye mkono hukosea, na kwamba amelisamehe. Kisha akasema:

"La wiki sita niachie kwanza."

Nikamuuliza kama tuingie kwa daktari. Akaniuliza daktari wa nini. Akafunga mkanda wake tena.

Njiani hakusema kitu isipokuwa kunielekeza nipite dukani anunue chachu na mafuta. Tulipofika kwa mama mkubwa hakuvua baibui. Aliwaita wote, dada yake, watoto wa dada yake, mpaka wake zao, wakakaa sebuleni. Akaniambia, "Waambie kama ulivyoniambia mimi." Nikasimama mbele yao, mtu mzima mwenye mvi, nikaeleza habari za tungi, za upepo, za waya na karatasi. Nilipofika kwenye zile wiki sita nilianza mara mbili, na hakuna aliyenisaidia. Mama alikuwa amekaa wima, akitazama uso mmoja baada ya mwingine, akihakikisha kila mmoja amesikia. Nilipomaliza akashukuru Mungu kwa sauti, akavua baibui, akenda jikoni kukanda unga.

Hakurudi mlimani. Anasema hakumbuki tena joto la nyumba ile, anakumbuka baridi yake. Hupanda mimi kila mwezi, naiwasha boila ili isiharibike, nautazama mshale umesimama pale pale, nazima, nashuka. Na mimi Mama hunipokea vizuri. Huuliza wanangu, huuliza kazi, hunifungia chakula cha njiani. Lile jengine la wiki sita hajalisema, na mimi sijathubutu kumuuliza.

Ijumaa iliyopita nilikuwa kwao Ibra. Mama alikuwa akipika mandazi, anaimba kidogo ndani ya pua, na harufu ya iliki imejaa nyumba. Alipotoka na sinia kuja kutuandalia, mama mkubwa alisimama, akasema anakwenda kuleta maji. Kutoka nilipokaa nilimwona anaingia jikoni, anainama, anatazama vitasa vya jiko la gesi kimoja kimoja kama vimefungwa. Alirudi na bilauri mbili za maji. Mama alikuwa amemwona pia. Akaweka sinia chini, akanikaribisha nile mandazi yangali moto.